Namba 61,741,120: namna ya kuipasua kwa kalamu na karatasi

Tarehe 31 Oktoba 2022, pale Dodoma, Watanzania tulisomewa hesabu yetu ya sensa: tuko 61,741,120. Kesho yake mtaani watu walishabaki na "milioni sitini na moja na ushee", na kwa mazungumzo ya barazani hiyo inatosha kabisa. Mimi niliichukua yote, hadi sufuri ya mwisho, nikaiandika nyuma ya bahasha. Sikuwa na haja na siasa wala bajeti. Namba ya tarakimu nane inatisha ukiitazama, lakini kalamu na karatasi zinaimudu ndani ya saa moja. Na hii, kama utakavyoona, ilikuwa na wageni mashuhuri ndani yake.

Kuipasua namba ni kuiandika kama zao la namba tasa tupu. Namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Ukishapata vigawo tasa vya namba, karibu kila swali lingine utakaloiuliza linajibika kwa kuzidisha kidogo tu. Usipovipata, utabaki kuizunguka kwa nje.

Unahitaji daftari la mistari, kalamu, na orodha ya namba tasa hadi 170 hivi. Kikokotoo cha simu kiweke kando kwa ajili ya kuhakiki mwishoni.

Hatua ya kwanza: nakili, kisha piga mhuri

Kabla ya kugawanya chochote, hakikisha namba uliyoandika ndiyo uliyoikusudia. Naanza na hili kwa sababu liliniuma. Mara ya kwanza niliandika 61,714,120, yaani 4 na 1 zimepishana, nikashinda jioni nzima nahangaika na idadi ya watu ambayo hakuna aliyeitangaza.

Dawa yake ni mihuri miwili. Wa kwanza ni wa tisa. Jumlisha tarakimu zote, na jibu lenyewe ulijumlishe tena mpaka ibaki tarakimu moja: 6 + 1 + 7 + 4 + 1 + 1 + 2 + 0 = 22, kisha 2 + 2 = 4. Maana yake 61,741,120 ikigawanywa kwa 9 inabaki 4. Siri ni kwamba 10, 100, 1,000 na ndugu zao wote hubakiza 1 wakigawanywa kwa 9, kwa hiyo kila tarakimu inahesabika kama ilivyo, popote ilipokaa. Hapo hapo ndipo penye upofu wa mhuri huu: tarakimu zikipishana, jumla haibadiliki. Namba yangu ya makosa nayo ilitoa 22, nami nikaridhika.

Mhuri wa pili, wa kumi na moja, ndio mkali. Anza kulia, jumlisha na kutoa kwa zamu: 0 − 2 + 1 − 1 + 4 − 7 + 1 − 6 = −10. Jibu likiwa hasi ongeza 11, unapata 1. Sasa ifanyie hivyo ile ya makosa: 0 − 2 + 1 − 4 + 1 − 7 + 1 − 6 = −16, ongeza 11 mara mbili, unapata 6. Moja na sita haziwezi kuwa namba moja. Ningeujua mhuri huu jioni ile ningelala mapema.

Andika pembeni ya ukurasa: *tisa hubakiza 4, kumi na moja hubakiza 1*. Tutairudia mwishoni.

Hatua ya pili: vua kilicho rahisi

Kanuni yangu ni moja: usianze kuwinda namba tasa kubwa kabla hujaipunguza namba yenyewe. Kila kigawo kidogo unachokitoa kinafupisha safari yote iliyobaki.

Sufuri ya mwisho inatoa 10 bila jasho, yaani 2 moja na 5 moja. Tunabaki na 6,174,112. Haiishii na 0 wala 5, kwa hiyo habari ya tano imekwisha.

Simama kidogo utazame tarakimu nne za mwanzo: 6174. Mwalimu wa shule wa Kihindi, D. R. Kaprekar, aliyefundisha Devlali, aliiona namba hii mwaka 1949. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne, mradi zisiwe zote za aina moja. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha kinyume chake, utoe. Jibu lifanyie vivyo hivyo. Ndani ya hatua saba utaangukia 6174, na ukishafika hutoki, kwa sababu 7641 − 1467 = 6174. Jaribu na mwaka wenyewe wa sensa, 2022:

2220 − 0222 = 1998
9981 − 1899 = 8082
8820 − 0288 = 8532
8532 − 2358 = 6174

Niliruka kwenye kiti. Lakini tusidanganyane: hiyo ni tabia ya tarakimu, ya jinsi tunavyoandika namba kwa makumi. Ukiiandika sensa kwa mfumo mwingine wa kuhesabu, 6174 inayeyuka. Vigawo tasa haviyeyuki. Kwa hiyo tuifurahie kama pambo, turudi kazini.

6,174,112 ni shufwa, igawe kwa 2 mpaka igome: 3,087,056, kisha 1,543,528, kisha 771,764, kisha 385,882, kisha 192,941. Hapo imegoma, tumefika witiri. Mbili tano hapa, pamoja na ile iliyotoka na sufuri, ni sita. Kufikia sasa:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 192,941

Kutoka milioni sitini hadi laki na tisini, na bado hatujatoka jasho.

Hatua ya tatu: tatu, na ujanja wa 1,001

Tatu haimo. Mhuri wa tisa ulishatuambia: baki 4 kwa tisa ni baki 1 kwa tatu. Kama namba nzima haigawanyiki kwa 3, hakuna kipande chake kitakachogawanyika.

Sasa saba, kumi na moja na kumi na tatu. Watu wengi wana kanuni tatu tofauti za namba hizi tatu, na huzisahau zote tatu. Shika hii moja. 7 × 11 × 13 = 1,001. Kwa kuwa 1,000 imepungukiwa na moja tu kufika 1,001, mikato tunayoiweka kila baada ya tarakimu tatu ina kazi zaidi ya kusaidia macho. Kata namba kwenye mikato yake, anza na kundi la kulia, toa linalofuata, jumlisha linalofuata, kwa zamu. Utakachopata kina baki zilezile za namba nzima kwa 7, kwa 11 na kwa 13.

192,941 ina makundi mawili tu: 941 − 192 = 749.

749 ni 700 na 49. Zote ni za saba! Kwa hiyo 7 imo. Kwa 11, 749 inabakiza 1, haimo. Kwa 13, inabakiza 8, haimo. Kutoa mara moja, maswali matatu yamejibiwa. 192,941 ÷ 7 = 27,563.

Wengi huteleza hapa. Wakishapata saba moja huivuka, wanasahau kwamba inaweza kuwemo tena. Jaribu upya: 563 − 27 = 536, na 536 kwa saba inabakiza 4. Sasa ndiyo tunaweza kuiaga.

Hatua ya nne: kuwinda ndani ya 27,563

Sasa ujanja wa haraka umekwisha, imebaki kugawanya. Lakini kwanza jiulize mwisho wa safari uko wapi. Namba ikiwa zao la mbili, haiwezekani zote mbili zizidi kipeuo chake cha pili. 166 × 166 = 27,556, na 167 × 167 = 27,889, kwa hiyo kipeuo cha 27,563 kimezidi 166 kwa nywele. Tukijaribu namba tasa zote hadi 163 bila mafanikio, 27,563 yenyewe itakuwa tasa. Bila mpaka huu utagawanya mpaka jogoo awike.

2, 3, 5, 7, 11 na 13 zimeshakataliwa. Tuendelee:

17 inabakiza 6.
19 inabakiza 13.
23 inabakiza 9.
29 inabakiza 13 tena.
31 inabakiza 4.
37: 37 × 744 = 27,528, baki 35. Imekosa kwa mbili tu, na ndiyo inayowakatisha watu tamaa.
41 inabakiza 11.
43: toa kwanza 43 × 600 = 25,800, inabaki 1,763. Na 1,763 ni 43 × 41 kamili.

Imekubali kwenye mgawanyo wa nane: 27,563 = 43 × 641.

Je, 641 ni tasa? Mtu atataka kuanza upya na 2, 3, 5. Usijisumbue. Kipeuo chake ni 25 na kidogo, kwa hiyo kigawo chake kidogo, kama kipo, hakizidi 23. Lakini 641 ni kipande cha 27,563, na 27,563 imezikataa namba tasa zote hadi 23. Basi 641 nayo imezikataa. Ni tasa, na hatukugawanya hata mara moja. Ndiyo faida ya kwenda kwa mpangilio kutoka chini kwenda juu: kazi uliyoifanya mwanzo inakulipa mwisho.

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Mgeni aitwaye 641

Nilipoona 641 niliweka kalamu chini. Kwa wapenda namba, hii ni sura ya mtu maarufu kwenye daladala.

Katika karne ya 17, Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse huko Ufaransa, alizitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja ni 2 iliyopandishwa kwenye kipeo kinachojirudufu (1, 2, 4, 8, 16), ikaongezwa 1. Zote tano ni tasa. Fermat akaamini kwamba zinazofuata zote zitakuwa tasa. Ya sita ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, na hakuna aliyekuwa na subira ya kuipasua.

Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, akaonyesha kwamba 4,294,967,297 = 641 × 6,700,417. Fermat alikuwa amekosea. Siri ya Euler ni kupunguza wawindwa: alikuja kuthibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hiyo lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64. Namba tasa za aina hiyo ni chache mno: 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu ndiyo yenyewe.

Unaweza kuliona hilo bila kuigusa ile namba ya mabilioni. Andika 641 kwa njia mbili:

641 = 5 × 2⁷ + 1
641 = 5⁴ + 2⁴

Sasa hesabu kwa baki tu, kana kwamba 641 ni sufuri. Mstari wa kwanza unasema 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Ipandishe kwenye kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Mstari wa pili unasema 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka hiyo mahali pa 5⁴: −2⁴ × 2²⁸ = 1, yaani −2³² = 1, yaani 2³² + 1 = 0. Na kuwa sufuri machoni pa 641 maana yake ni kugawanyika kwa 641. Mistari minne! Kwangu mimi hakuna uthibitisho mtamu kuliko huu katika hesabu za namba nzima, na unaingia nyuma ya tiketi ya basi.

Hatua ya tano: hakiki

Rudi kwenye mihuri. Kwa tisa: 64 inabaki 1, 5 ni 5, 7 ni 7, 43 ni 7, na 641 ni 6 + 4 + 1 = 11, yaani 2. Zidisha: 1 × 5 × 7 × 7 × 2 = 490, na 4 + 9 + 0 = 13, yaani 4. Inalingana na tuliyoiandika pembeni. Kwa kumi na moja: 64 inabaki 9, kisha 5, kisha 7, 43 inabaki 10, 641 inabaki 3. 9 × 5 = 45, baki 1. Mara 7 ni 7. Mara 10 ni 70, baki 4. Mara 3 ni 12, baki 1. Inalingana nayo.

Mihuri miwili ikikubali, kosa lenye bahati ya kuipita yote ni nadra. Hata hivyo sasa ndipo unaruhusiwa kushika simu uzidishe zote kwa mara moja.

Hatua ya sita: iulize maswali

Ina vigawo vingapi, tasa na visivyo tasa? Kila kigawo kinatengenezwa kwa kuchagua mbili ngapi uchukue (0 hadi 6, chaguo saba), na kwa kila moja ya 5, 7, 43 na 641 kuamua uichukue au uiache (chaguo mbili mbili). 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Ukitaka kuviorodhesha, anza na witiri 16: 1, 5, 7, 35, 43, 215, 301, 1,505, kisha hizo hizo mara 641, kuanzia 641 yenyewe hadi 964,705. Zilizobaki ni kurudufu kila moja mara sita.

Jumla ya vigawo vyote inapatikana bila kuviorodhesha. Kwa mbili, jumlisha 1 + 2 + 4 + 8 + 16 + 32 + 64 = 127. Kwa kila namba tasa nyingine ongeza 1: 6, 8, 44, 642. Zidisha zote: 127 × 6 × 8 × 44 × 642 = 172,199,808. Ukitoa namba yenyewe unabaki na 110,458,688, ambayo inaizidi 61,741,120. Wagiriki wa kale waliziita namba za namna hii namba zilizojaa kupita kiasi, kwa sababu vipande vyake vidogo vikikusanyika vinaizidi nzima. Zenye vipande vinavyolingana nayo sawasawa, kama 6 na 28, ndizo walizoziita kamilifu.

Namba ngapi, kuanzia 1 hadi 61,741,120 yenyewe, hazina kigawo tasa cha pamoja nayo? Hili ni swali la Euler, na majibu yake ndiyo yanayobeba baadhi ya mbinu za kuficha siri kwenye intaneti. Fanya kama unachuja mchele. Toa nusu, za shufwa: zinabaki 30,870,560. Toa moja ya tano: 24,696,448. Toa moja ya saba: 21,168,384. Toa moja ya arobaini na tatu: 20,676,096. Toa moja ya mia sita arobaini na moja: 20,643,840. Ni theluthi na ushee kidogo. Angalia jinsi mbili peke yake ilivyoondoa nusu nzima, wakati 641 na umaarufu wake wote imeondoa 32,256 tu.

Tukitaka kuwapanga watu wote kwenye mstatili mmoja mkubwa, safu zikiwa sawa na asibaki mtu, mstatili ulio karibu zaidi na mraba ni upi? Kipeuo cha pili ni 7,857 na nusu hivi, kwa hiyo tunatafuta jozi iliyo karibu na hapo. Katika kila jozi upande mmoja lazima ubebe 641. 641 × 10 = 6,410, na 641 × 14 = 8,974; katikati ya 10 na 14 hakuna kigawo kingine cha kutumia, kwani 11 na 13 hazimo, na 12 inahitaji 3 ambayo haimo. Jozi ya kwanza ni 6,410 kwa 9,632, ya pili 8,974 kwa 6,880. Ya pili ndiyo imekaribia. Safu 6,880 zenye watu 8,974 kila moja, na uwanja wa gwaride hilo utautafuta mwenyewe.

Na je, inaandikika kama jumla ya miraba miwili, kama 13 ilivyo 9 + 4? Kanuni ni kwamba kila namba tasa inayobakiza 3 ikigawanywa kwa 4 lazima ionekane mara shufwa kwenye mpasuo. 5 haina neno, 641 haina neno (ni 25² + 4², tumekwisha kuiona). Lakini 7 inabakiza 3 na imetokea mara moja, na 43 vilevile. Basi haiwezekani, hata ukijaribu maisha yako yote. Kujua kwamba jambo haliwezekani bila kulijaribu ni raha ya pekee.

Hatua ya saba: wanaume na wanawake

Sensa iligawa namba hii: wanaume 30,053,130, wanawake 31,687,990. Tutafute Kigawo Kikubwa cha Shirika, ile KKS ya shule ya msingi.

Njia ya Euclid, mwanahesabu wa Kigiriki wa kale, ni kugawa kubwa kwa ndogo, kuchukua baki, kuigawa ile ndogo kwa baki hiyo, na kuendelea. Baki zinateremka hivi: 1,634,860, 625,650, 383,560, 242,090, 141,470, 100,620, 40,850, 18,920, 3,010, 860, 430, na sufuri. Baki ya mwisho kabla ya sufuri ndiyo KKS: 430. Migawanyo kumi na miwili.

Sisi tuliokwisha kuipasua jumla tuna njia ya mkato. Chochote kinachogawa wanaume na wanawake kinagawa pia jumla yao, kwa hiyo watuhumiwa ni 2, 5, 7, 43 na 641 tu. Wapime kwa upande wa wanaume. Inaishia na 30, kwa hiyo 2 moja (30 haigawanyiki kwa 4) na 5 moja. Kwa saba, tumia mikato: 130 − 53 + 30 = 107, baki 2, haimo. Kwa 43: 698,910 kamili, imo! Kwa 641 inabaki 486, haimo. 2 × 5 × 43 = 430, jibu lile lile.

Kwa hiyo uwiano kamili, usio wa kukadiria, ni wanaume 69,891 kwa wanawake 73,693. Bara na Zanzibar hawakutupa zawadi kama hiyo: 59,851,347 na 1,889,773 zina KKS ya 1, uwiano haupunguki hata kidogo.

Usije ukamwambia mtu kwamba 43 ina maana fulani katika maisha ya Watanzania. Ni bahati tu. Sensa ilihesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Angeongezwa mtoto mmoja, namba ingekuwa 61,741,121, na namba mbili zinazofuatana hazishirikiani kigawo tasa hata kimoja. 2, 5, 7, 43 na 641 zote zingeondoka kwa kilio kimoja cha kitoto kichanga.

Ya kujifanyia: 47,564,296

Hii ni Kenya, sensa ya 2019. Mihuri yake: tisa hubakiza 7, kumi na moja hubakiza 10. Vua mbili tatu, ubaki na 5,945,537. Kabla hujafanya kingine, pitisha ujanja wa 1,001 juu ya namba nzima: 296 − 564 + 47 = −221. Na 221 ni 13 × 17, kwa hiyo 13 imo, wakati 7 na 11 hazimo. (Usidanganyike na 17 hapo, ujanja huu hausemi lolote kuhusu 17. Ukiijaribu inakataa.) Baada ya 13 utakutana na 19, na utaachwa na 24,071.

Hiyo ndiyo itakayokutoa jasho. Kipeuo chake ni 155 na kidogo, kwa hiyo urudie 13 na 19, kisha upite namba tasa zote kuanzia 23 hadi 151: migawanyo thelathini, na kila mmoja unabakiza kitu. 29 inabakiza 1. 83 inabakiza 1. Kwenye 59 imepungua moja tu kufika. Ukimaliza 151 bila sufuri, chora mstari chini: 47,564,296 = 2³ × 13 × 19 × 24,071, na ile ya mwisho ni tasa.